Boti ya Kuokolea Boti ya Baba Mkwe

Kwa miaka sita ya ndoa yangu, baba mkwe nilimjua kwa kikohozi. Sura yake nilikuwa nimeiona kwenye picha ya harusi tu, na hata pale alikuwa ametazama pembeni kwa adabu, kwa hiyo nilichokifahamu vizuri ni sikio lake la kushoto. Kikohozi ndicho kilichokuwa taarifa. Akifika kwenye mgomba wa mwisho kabla ya ua, anakohoa mara mbili, nami naacha chochote nilichoshika na kutimua mbio. Nimewahi kujificha nyuma ya tangi la maji, nyuma ya lundo la kuni, na mara moja ndani ya banda la kuku, nikatoka na manyoya kichwani na heshima yangu ikiwa kamili.

Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hamkai pamoja, hamtazamani, hamsemezani. Siku hizi wengi wameacha. Wapo watu pale Tukuyu mjini wanaokula meza moja na wakwe zao na kugombania rimoti ya televisheni. Baba mkwe wangu hakuwa miongoni mwao. Ni mzee wa kanisa, analima migomba na kahawa kijijini Masoko, kando ya ziwa, na kabla ya hapo alikuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha chai, mtu wa kufuata utaratibu mpaka nati ya mwisho. Mimi nimezaliwa Morogoro. Kwetu baba mkwe unampa shikamoo na kiti, basi. Mwanzoni niliichukia kabisa hiyo mila. Nilimwambia mume wangu kwamba baba yake ananikimbia kama nina upele. Akanijibu, kwa utulivu wake wa ualimu, kwamba ile ni heshima, na kwa kasi anayokimbia nayo mzee, inaonekana ananiheshimu sana.

Siku moja kikohozi hakikutoka. Nilikuwa napanda njia nyembamba ya kutoka mtoni na ndoo kichwani, yeye anashuka na mabuti yake ya mvua, na kona ikatukutanisha. Sijui nani alianza kukimbia. Ninachojua ni kwamba mzee wa miaka sabini na kitu aliingia kwenye kahawa kama swala, na mimi niliteremka mpaka mtoni tena, nimelowa maji ya ndoo nzima, ndala moja imebaki njiani. Kesho yake asubuhi niliikuta ndala ile juu ya jiwe la kuanikia vyombo nyuma ya jiko. Kile kikamba kilichokuwa kimekatika tangu mwezi uliopita kilikuwa kimeshonwa kwa waya mwembamba, mizunguko minane iliyolingana, ncha imekunjwa ndani isichome mguu.

Mimi ni fundi simu na redio, nina kibanda karibu na soko la Tukuyu. Kazi nzuri naijua nikiiona. Niliigeuza ile ndala mara kumi, nikasema, kumbe humu ndani kuna mwenzangu.

Basi jiwe lile likawa ofisi. Mimi naweka redio yake niliyoitengeneza, yeye anaweka mpini mpya wa bisibisi yangu. Maelezo alikuwa anayapeleka mama mkwe, ambaye alikuwa haelewi chochote kuhusu umeme na haoni sababu ya kuelewa. Halafu Jumamosi moja nikakuta juu ya jiwe boti ya mbao, ndefu kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, imechongwa ikapigwa msasa mpaka inateleza, ina kibanda cha nahodha na vidirisha vinne.

"Mzee anasema itembee yenyewe," alisema mama mkwe.

"Itembee wapi, mama?"

"Ziwani. Itatembea wapi tena, jikoni?"

Nilikuwa na boksi zima la magari ya watoto yaliyokufa, yale ya kuendesha kwa rimoti, ambayo wazazi huleta kutengenezwa na hawarudi kuyachukua. Nikatoa matumbo ya gari moja, nikayapachika kwenye boti. Rimoti yake mzee aliibadilisha mwenyewe: vile vijiti viwili vidogo alivitoa, akaweka mikia ya vijiko, maana gumba lake lilizoea spana za kiwandani.

Wiki mbili baadaye akapata mshindani. Rafiki yake, fundi cherehani wa mjini, Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka Kilwa na kitambaa begani, aliiona ile boti na hakulala. Alikuja kibandani kwangu kutaka matumbo ya gari lingine. Alinieleza kwamba watu wa pwani wana bahari kwenye damu. Nilimuuliza kama amewahi kuiona bahari. Akasema damu haihitaji kuona. Boti yake aliipamba kwa matanga ya kitambaa cha ndani cha suti, ya urembo tu, na siku ya kwanza upepo uliyakamata matanga yale ukailaza boti kifudifudi mbele ya umati wa watu wanne.

Kila Jumamosi alasiri wazee wale wawili walikuwa pale ziwani wakishindana na kubishana nani kashinda, na mimi nilikuwa nawatazama kutoka kwenye migomba, kwa mbali, nikiona boti na migongo tu. Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Sasa nikiri kosa langu. Betri ya boti ya mzee ilianza kuchoka, akaomba nyingine. Niliyokuwa nayo ilikuwa ya simu ya zamani, na ilikuwa imevimba kidogo. Niliiona kwamba imevimba. Lakini siku ile nilikuwa na wateja wamejaa mlangoni, na mimi si mtu wa subira, nikajiambia itafika Jumamosi mbili tatu hii. Nikaiweka kwenye jiwe na kutuma salamu kwamba betri ni safi.

Haikumaliza hata Jumamosi moja. Ilikufa boti ikiwa upande wa pili wa ziwa, ikasukumwa na upepo mpaka ndani ya matete, chini ya ukingo ulio wima kama ukuta. Ukitaka kuifuata kwa juu, hakuna pa kushukia. Ukitaka kuifuata kwa maji, ziwa lile la volkano limekaa kama sufuria: hatua mbili ukingoni, ya tatu huna chini. Mtumbwi uliokuwepo ulishaoza. Na kuogelea hakuna anayeogelea. Wengine wanasema Wajerumani wa enzi za vita walitupa silaha zao humo. Mama mkwe yeye husema tu kwamba maji yaliyonyamaza kiasi kile hayafai kuingizwa miguu.

Mzee akachukua kigoda, akakaa ukingoni, akaitazama boti yake. Akaitazama siku nne.

"Mzee hali chakula," mama mkwe aliniambia siku ya nne, amekuja mpaka kibandani kwangu mjini na kikapu chake. "Jana nimempikia mbalaga, ndizi zake anazozipenda, ameacha nusu. Mbalaga! Namuuliza unataka nini, anasema ningependa niione tu ikirudi. Basi. Anakaa tena."

"Bado inaelea?"

"Imeinama upande. Inakunywa maji. Na mvua unaiona, gwe mwanangu, leo kesho inamwagika."

Nilijisikia vibaya sana. Mzee wa watu alichonga vidirisha vinne kwa mkono, mimi nikampa betri yenye tumbo. Nikamwambia mama mkwe ampelekee ujumbe: tutatengeneza boti nyingine ya kwenda kuileta ile.

Wazo lilikuwa rahisi. Maboya mawili marefu yaliyofungwa sambamba, katikati ubao wa kubeba betri, na hii nzima kabisa, niliipima mara tatu. Nyuma, mota mbili, kila boya na yake, ili ukizima ya kulia chombo kinapinda kulia. Mbele, mikono miwili ya vyuma vya mwavuli, iliyofungwa neti ya mfuko wa vitunguu, ya kuikumbatia boti iliyokwama na kurudi nayo kinyumenyume. Antena nayo niliiongeza kwa chuma cha mwavuli. Huku Rungwe mvua hainyeshi kwa mzaha, miavuli iliyokufa haikosekani.

Mzee akajibu kwamba, kuokoa muda, yeye atachonga boya la kushoto kule Masoko na mimi nichonge la kulia mjini, kutoka kwenye lile povu gumu jeupe linalokuja ndani ya boksi la friji. Urefu: shibiri tatu. Nilitaka kumtuma mama mkwe na futi ya chuma. Mzee akakataa. Alisema kwao nyumba zimejengwa kwa shibiri na hazijaanguka, na shibiri ni shibiri.

Shibiri si shibiri. Kiganja cha baba mkwe, nilikuja kugundua, kinatosha kufunika sahani ya wali. Changu kinapita kwenye glasi. Tulipounganisha maboya yale juu ya jiwe, yeye akifunga upande wake asubuhi na mimi wangu mchana, tulipata chombo chenye mguu mmoja mrefu kwa karibu robo. Hakuna aliyekuwa tayari kumwambia mwenzake. Mimi nilidhani amebadilisha mchoro kwa sababu za kiufundi. Yeye, mama mkwe aliniambia baadaye, alidhani ni mtindo wa Morogoro.

Fundi cherehani alikuja kuitazama, akaizunguka, akavua miwani.

"Hii imevaa kiatu kimoja," alisema.

Tuliijaribu hivyo hivyo. Yaani mzee aliijaribu ukingoni, na mimi nilikuwa kwenye migomba. Ilizunguka. Ilizunguka mara saba mahali pale pale, mikono imenyooshwa mbele, kama bibi harusi anayetafuta mlango gizani, halafu ikapanda nchi kavu na kumkumbatia bata wa jirani kwenye neti ya vitunguu. Bata yule alipiga kelele mpaka wakatoka watu kwenye nyumba tatu.

Kesho yake nilikuta chombo juu ya jiwe, miguu imelingana, boya la kushoto limekatwa kwa msumeno wa meno madogo. Pembeni yake kulikuwa na kijiti cha mwanzi chenye alama tatu za kisu. Mzee alikuwa amenitengenezea shibiri yake.

Lakini kikabaki kikwazo kingine, gumba. Rimoti hii ilikuwa ndogo na vijiti vyake vimekaa karibu, vijiko visingeweza kuingia, na gumba la mzee lilikuwa linabonyeza mota zote mbili kwa pamoja. Alijaribu, chombo kikaenda mbele, kikarudi nyuma, kikasimama. Fundi cherehani alijitolea kuendesha. Mzee akasema bora izame kuliko kuokolewa na mshindani. Mume wangu ni mwalimu wa historia, ukimpa rimoti atakueleza ilikotoka. Mama mkwe havigusi vitu vya betri. Jumapili mchana, baada ya ibada, mama mkwe alinifuata jikoni.

"Mzee anasema uendeshe wewe."

"Mama, nitaendeshaje na yeye yupo pale?"

"Utajifunika."

"Si aondoke kidogo tu? Nusu saa?"

Alinitazama kama nimeuliza kama mlima unaweza kusogea. "Amekaa wiki anasubiri kuiona ikirudi. Leo ndiyo inarudi, halafu aondoke?"

Sehemu ya kusimama ilikuwa moja tu. Mahali pengine popote matete yanakuziba au mawimbi ya rimoti hayafiki. Ndivyo nilivyojikuta nimechuchumaa ukingoni, nimejifunika kanga gubigubi, rimoti ndani ya kanga, hatua sita mbele ya kigoda cha baba mkwe, naendesha chombo nisichokiona kwenye maji nisiyoyaona. Niliona mapaja yangu na ua jekundu la kanga. Pembeni yangu alisimama mama mkwe kunielekeza.

"Nenda, nenda, nenda," alisema. "Sasa huku."

"Huku wapi, mama?"

"Huku! Ninakoonyesha!"

"Nimejifunika, mama."

"Ndaga, ndaga, pole mwanangu, nilisahau. Elekea kwa yule mwenye ng'ombe mweusi."

Sikumjua mwenye ng'ombe mweusi. Nikabonyeza kushoto. Fundi cherehani, nyuma kule, akapiga kelele kulia, kulia. Mama mkwe akamwambia anyamaze, kulia ya kwake ni ya Waislamu, sisi tuna yetu. Yule akacheka mpaka akakohoa, na mimi niliposikia kikohozi, mwili wenyewe ulitaka kukimbia. Ilibidi nijishike.

"Umeipita!" alipiga kelele mama mkwe. "Rudi! Umeigonga! Ee Kyala, Mungu wangu, ameigonga, ameisukuma ndani!"

"Imezama?"

"Haijazama. Imelala zaidi."

Nilirudisha nyuma. Jasho lilikuwa linanitoka chini ya kanga kama niko kwenye chungu. Nilisikia tone la kwanza la mvua likigonga kitambaa, halafu la pili. Betri ya chombo ilikuwa na dakika kumi, labda kumi na mbili, nilizihesabu tangu mwanzo na zilikuwa zinaisha. Nikajaribu tena. Mama mkwe alisema juu, na kwenye ziwa hakuna juu. Hasira zilinipanda. Nilitaka kuivua ile kanga, niitupe majini, niendeshe kama mtu mwenye macho, mila ikae pembeni dakika tano. Na nilijua kwamba nikiivua, mzee atafanya kile alichokuwa akifanya miaka sita, ataondoka mbio, na boti yake itarudi ukingoni bila yeye. Nikabaki nimechuchumaa, nalia kidogo, tena kwa hasira hasa.

Nikasikia kigoda kimelalamika, nguo imesuguana, kitu kama vifungo.

"Toa kanga," mama mkwe alisema taratibu.

"Na baba je?"

"Toa. Mzee amejifunika."

Niliinua ncha kidogo nikachungulia nyuma. Baba mkwe alikuwa amekaa pale pale kwenye kigoda, wima, mikono juu ya magoti. Koti lake zito la kanisani alikuwa amelivuta likafunika kichwa chote na kulifunga vifungo mpaka juu, na kofia yake alikuwa ameivaa juu ya koti. Alionekana kama gunia lililokwenda kuomba posa. Fundi cherehani alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili na machozi yanamtoka.

Sikucheka. Nilitaka, lakini sikuweza. Mtu yule alikuwa amesubiri siku zote zile kuona kitu kimoja.

Nikageukia ziwa na kuvua kanga. Chombo changu kilikuwa kimechomeka pua kwenye matete, na boti ya mzee iko kando yake, imelala, vidirisha viwili ndani ya maji. Kwa macho kazi ilikuwa ndogo. Nilirudi nyuma, nikapinda, nikaanza kuingia polepole kutoka upande wa ukingo. Na bila kupanga, mdomo wangu ukaanza kusema. Nimetengeneza redio nusu ya maisha yangu, nimesikiliza mpira mwingi nikiwa nimeshika chuma cha kulehemu.

"Tunaingia kutoka kushoto," nilisema kwa sauti. "Matete huku, matete kule, tuko katikati. Tunasogea. Tunasogea polepole. Mkono wa kwanza umepita chini ya tumbo."

Nyuma yangu, kutoka ndani ya koti, ikatoka sauti nzito, ya mbali kidogo kwa sababu ya kitambaa.

"Na wa pili?"

Sikuwahi kuisikia sauti yake ikisema nami. Sikuwahi kuisikia ikisema neno lolote zaidi ya kikohozi.

"Wa pili... wa pili bado, baba. Umekwama kwenye jani. Subiri. Umetoka. Umeishika. Neti imeishika!"

"Usiivute kwa pupa."

"Sivuti kwa pupa, baba. Naipapasa. Inainuka. Kidirisha cha tatu kimetoka majini. Cha nne kimetoka. Tumetoka kwenye matete, baba, tuko ziwani!"

"Imekaaje?"

"Imeinama, lakini inakuja. Mvua inaipiga. Kibanda cha nahodha kiko salama. Inakuja kinyumenyume, lakini inakuja, inakuja, tumefika katikati, tumepita katikati..."

Mama mkwe alikuwa anapiga vigelegele. Fundi cherehani alikuwa anapiga makofi kwa ajili ya mshindani wake na kujifanya anafukuza mbu. Hatua kumi kutoka ukingoni mota ya kulia ilikata, nikamalizia kwa ya kushoto peke yake, kwa kupinda na kunyoosha, nikimweleza kila kipindo, mpaka maboya yakagusa mchanga. Nikaingia majini hatua moja, nikaibeba ile boti kifuani, inachuruzika maji, nikaja nayo mpaka mbele ya kigoda. Nikaiweka miguuni pake. Nikajifunika kanga vizuri, nikarudi hatua sita, nikageuka.

"Baba," nilisema. "Imefika. Unaweza kutazama."

Mvua ilikuwa imeanza kweli sasa. Nilingoja nisikie vifungo. Sikuvisikia.

"Bado," alisema kutoka ndani ya koti. "Hebu nieleze tena ile sehemu ya matete."

Nikamweleza tena tangu mwanzo, na safari hii nikaongeza na mawimbi.